Altezza RS200, tairi za nyuma zimekwisha: mtumba, Mchina mpya, au nishuke rimu 16 mpaka Januari?

#1 GiaSita
Wakuu, habari za jioni.

Nina Altezza RS200 ya 1999, manyuo gia sita, huu mwaka wa nne niko nayo hapa Mwanza. Saizi ya tairi ni 215/45R17. Za mbele bado zina maisha. Za nyuma ukiziangalia umesimama unaona kashata, yale meno ya tairi, safi kabisa, lakini upande wa ndani, ule wa uvunguni, waya zimeanza kuchungulia. Nimegundua juzi Mabatini nilipopeleka brekipedi. Fundi kapitisha kiganja kwa ndani, kakitoa kina damu, kanitazama kama nimemtegeshea.

Tairi za maana nitanunua Januari hela ikikaa sawa. Sasa ni Oktoba, vuli imeshaanza, na mimi kila siku natoka Buhongwa naenda mjini. Nataka tairi za kunivusha miezi mitatu, basi. Bajeti laki tatu na nusu, hapo nimejikamua.

Nimezunguka nimepata hivi: mtumba za Japani saizi ileile 90,000 moja. Mchina mpya 185,000 moja, jina lake sijawahi kulisikia popote. Na kuna jamaa wa Igoma ana rimu 16 nne pamoja na tairi zake 205/55, anataka 420,000 kwa zote, anasema maongezi yapo.

Nichukue ipi? Natanguliza shukrani.

#2 Sato_wa_Kukaanga
Tairi ya muda unayo kwenye buti mkuu, ile nyembamba kama ya pikipiki. Tafuta mwenzake mmoja, funga mbili nyuma, mchezo umeisha.

#3 GiaSita
#2 hahaha. Ile imeandikwa mwisho kilomita 80 kwa saa na inataka upepo psi 60. Nikifunga mbili nyuma na injini ya 3S nitakuwa natoka Buhongwa kwa kichwa nafika mjini kwa makalio.

#4 Mzee_wa_Bypass
Uzi bila picha.

#5 NgoshaMwenyewe
Mwadila. Kabla ya yote, yako ni 3S kweli au ni injini ya 1G ya AS200 umebandika kibandiko cha RS? Maana Altezza za mji huu nyingi ni AS200 otomatiki, mwenye gari anaita sipoti kwa sababu ya taa za nyuma.

#6 GiaSita
#5 ni 3S-GE Beams, Ngosha. Kofia ya injini unaweza kuja kufungua mwenyewe.

#7 FundiMbavu
Mleta mada, acha tairi kwanza. Umesema nje kuna kashata, ndani waya. Hiyo gari imeshushwa?

#8 GiaSita
Nilipoinunua tayari ilikuwa imeshushwa kidogo, springi fupi. Kidole kimoja tu kinapita kati ya tairi na bodi.

#9 FundiMbavu
Basi ugonjwa wako huo hapo. Ukiweka tairi ya 90,000, ya 185,000 au ya milioni, ndani italika vilevile. Wengi watakwambia ni ule mlalo, yaani tairi imelala kichwa ndani baada ya kushushwa. Mlalo unakula, lakini unakula polepole. Kinachomaliza tairi haraka ni uelekeo: tairi za nyuma zikitazama nje au ndani hata kidogo tu, kila kilomita unaikwangua kama nazi. Unaposhusha gari vyote viwili vinahama kwa pamoja, ndiyo maana watu wanalaumu mlalo peke yake.

Kipimo cha bure: pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, halafu rudisha kutoka ndani kwenda nje. Kama upande mmoja unateleza na upande mwingine unakwaruza kama msasa au meno ya msumeno, huo ni uelekeo. Kama ni laini pande zote ila ndani imepungua tu, huo ni mlalo. Ila usitumie kiganja cha yule fundi wa Mabatini, kimeshaumia.

#10 Kipara_Huru
#9 umenena, lakini bushi, zile raba za mikono ya uvunguni, umezisahau. Gari ya 1999, mpira wa bushi una umri wa mwanachuo aliyerudia miaka. Unaweza kupima alaimenti leo ikakaa sawa kwenye mashine, ukitoka barabarani ukabana breki, mkono unacheza na uelekeo unahama. Mimi nilipimiwa mara tatu mwaka mmoja. Mara ya nne fundi mwingine akaingiza nondo uvunguni akatikisa, bushi ikatoka kama ugali.

#11 Mhasibu_Mkaidi
Naomba turudi kwenye hela.

Mtumba mbili ni 180,000, ndani ya bajeti. Mchina mbili ni 370,000, umezidisha 20,000 na alaimenti hujalipa. Rimu 16 seti nzima ni 420,000, umezidisha 70,000, LAKINI Januari unauza rimu na tairi unarudisha angalau laki tatu. Kwa hiyo gharama halisi ya rimu ni kama laki moja na ushee, na hizo 17 zako zinapumzika stoo. Sioni kwa nini hili swali limeulizwa.

#12 Sato_wa_Kukaanga
#11 "angalau laki tatu" nani atanunua, wewe?

#13 Mhasibu_Mkaidi
#12 205/55R16 inaingia kwenye gari nyingi, inatoka haraka. 215/45R17 ndiyo utakaa nayo mpaka mjukuu aje kuifanyia bembea.

#14 DadaWaIsamilo
Kaka GiaSita pole. Mimi nina Celica ya 2001, nami niliwahi kutafuta tairi za muda, nikuambie kilichonikuta.

Yangu ni 205/50R16. Hiyo saizi hapa Mwanza unaitafuta kama dawa. Muuzaji akaniambia chukua 205/55R16, "tofauti ni tano tu dada". Tano tu! Kwenye karatasi ni tano, kwenye gari kipenyo kinapanda kutoka milimita 611 hadi 632 hivi. Nikiwa peke yangu hakuna neno. Nikipakia watu wawili nyuma kupanda kwetu Isamilo kwenye zile barabara za mawe, tairi inakwangua bodi kwa ndani, krrr krrr, mpaka watoto wa jirani wakawa wanaiga. Na spidi ikisema 80 mimi niko karibu 83. Nilivumilia miezi miwili nikaziuza.

Kwako wewe ni tofauti. 215/45R17 kipenyo chake ni kama 625, na 205/55R16 ni 632. Hiyo haifiki hata asilimia moja na nusu, haitakusumbua. Ila usikubali mtu akakuuzia 215/50R17 kwa maneno ya "tano tu".

#15 Mzee_wa_Bypass
Dada #14 umefundisha vizuri kuliko vijana wote humu. Ila kwenye gari iliyoshushwa hata hizo milimita 7 usizidharau, akajaribu kwanza akiwa na watu nyuma.

Mimi naongeza: akatafute rimu 16 za Impreza, zimejaa, bei ya kutupa.

#16 FundiMbavu
#15 mzee wangu, hapana. Impreza za kawaida ni matundu matano kwenye duara la milimita 100. Altezza ni matano kwa 114.3. Zote zina matundu matano, ukiangalia kwa macho unaona zinafanana, ukifika kwenye hub, kitovu ambacho rimu inafungwa, zinakukataa. Kuna watu wanalazimisha kwa kutanua tundu. Hao ndio tairi zao huwapita barabarani.

Atafute za Mark II, Chaser au Crown, hizo ni 114.3 na tundu la kati linalingana. Za Nissan nyingi nazo ni 114.3 lakini tundu la kati ni 66.1, hub ya Toyota ni 60.1. Itaingia, ila inakaa juu ya nati peke yake bila kushikwa katikati. Ukifika kilomita 90 usukani unacheza kindoro, unapeleka balansi mara kumi hakuna jibu. Dawa ni ringi ya kujaza hiyo nafasi.

Na nati! Angalia kalio la tundu la rimu. Kuna la koni na kuna la bapa lenye washa. Nati ya koni kwenye rimu ya bapa inashika kwenye mdomo tu, baada ya wiki zimelegea.

#17 Mzee_wa_Bypass
#16 nimekubali, asante. Nilikuwa naangalia idadi ya matundu tu.

#18 GiaSita
#16 mkuu umeniokoa, maana yule wa Igoma hata sijamuuliza rimu zimetoka kwenye gari gani. Breki za mbele za RS ni kubwa kidogo, rimu 16 itapita?

#19 FundiMbavu
16 inapita kwa kawaida, lakini kuna rimu zina tumbo kwa ndani. Usinunue kwa maneno. Mwambie nenda na gari, funga moja mbele, zungusha kwa mkono, kata usukani mwisho kulia na mwisho kushoto. Ikigusa kaliper utaisikia.

#20 Kamanga_Feri
Hivi kwa nini mtu anunue gari ambayo tairi zake ni za kutafuta? Mimi Probox, tairi zake hadi dukani kwa Mangi zipo.

#21 NgoshaMwenyewe
#20 hujaalikwa.

#22 Kamanga_Feri
Altezza yenyewe siyo sipoti, ni Corolla iliyopaka wanja.

#23 GiaSita
#22 kwa taarifa yako ilikuwa Gari ya Mwaka Japani 1998–1999, inasukumwa na tairi za nyuma, farasi 210 kwenye lita mbili bila turbo. Huko nje waliiuza kama Lexus IS. Zile taa zake za nyuma dunia nzima wakaziiga, mpaka leo taa za mtindo ule zinaitwa "taa za Altezza" hata zikiwa kwenye gari ya Honda.

#24 Kamanga_Feri
Na bado haina tairi.

#25 Sato_wa_Kukaanga
#24 😂😂 nimeangusha sahani.

#26 Kisesa_Ndani
Nimesoma wote, hakuna aliyegusa mvua. Anauliza tairi za OKTOBA hadi JANUARI. Hapo Mabatini karibu na daraja la Mirongo mvua ikipiga nusu saa barabara ni mto. Tairi ya muda kwa msimu huu ni kina cha kashata kwanza, mengine baadaye. Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vya mpira, kashata ikishuka ikalingana navyo imebaki milimita 1.6, hiyo ni kipara kilichonyoa vizuri. Kwa vuli mimi sikubali chini ya milimita 4.

Ndiyo maana nasema Mchina mpya. Jina sijui, lakini ana milimita nane na mpira wa mwaka huu. Mtumba wa Japani una jina kubwa na milimita tatu.

#27 Kipara_Huru
#26 mpya siyo sababu. Nilifunga Mchina mpya kwenye Mark II. Juani haina shida, tena ilikuwa kimya. Mvua ya kwanza, Nyegezi pale mteremkoni, nabana breki gari inaendelea na safari kama hainijui. Kashata zilikuwa zote, mpira ndio ulikuwa mgumu kama kandambili ya bafuni. Kina kinatoa maji, kushika lami ni kazi ya mpira.

#28 Kisesa_Ndani
#27 na mpira wa mtumba wa miaka tisa ni laini?

#29 Kipara_Huru
Inategemea umekaa wapi. Tairi iliyotoka na gari iliyokuwa inalala gereji Japani siyo sawa na tairi iliyokaa juu ya bati hapa Igoma mwaka mzima.

#30 Kisesa_Ndani
Na utajuaje ilikolala? Ilikuambia?

#31 DadaWaIsamilo
Jamani msigombane. Mchina na Mchina hawafanani. Pembeni kwenye nyingi pana maandishi ya daraja la kushika lami yenye maji, AA ndiyo ya juu, halafu A, B, C. Mtu akisimama dukani asome. Ikiwa na C kwa gari ya kusukuma nyuma wakati wa vuli, mimi naondoka. Namba ya uzito nayo, 87 ni kilo 545 kwa tairi moja, hapo Altezza inatosha. Herufi ya mwisho ni spidi, H ni 210, V ni 240, W ni 270. Kwa miezi mitatu ya Buhongwa na mjini H si haba, labda kama kaka ana mpango mwingine usiku kwenye bypass ya Usagara.

#32 Mzee_wa_Bypass
Bypass ni ya wazee kunyoosha miguu, msilete mambo yenu.

#33 Mtumba_Grade_A
Habari zenu. Mimi nauza mtumba, sitaji duka, sijaja kutangaza. Nawapa siri ambazo wenzangu watanichukia.

Moja, usiinunue tairi inayong'aa. Tunapaka. Ile weusi wa kung'aa unaficha nyufa za pembeni. Chukua chupa ya maji na kitambaa, futa, halafu kanyaga pembeni ya tairi iiname. Kama ina nyufa zitafunguka kama kisigino cha mtu wa kiangazi.

Mbili, tia mkono NDANI ya tairi. Ukikuta unga mweusi au mstari umechubuka kuzunguka ukuta wote, hiyo ilitembea bila upepo. Nje inaweza kuwa nzuri kuliko wewe, ndani imekufa. Loprofaili zinakufa hivyo sana kwa sababu mwenye gari hajui kama imepungua upepo, ukuta ni mfupi, haionyeshi.

Tatu, iliyochongwa. Kuna mafundi wanachukua kipara wanachonga mifereji kwa kisu cha moto. Tafuta vile vituta alivyovisema #26, kwenye iliyochongwa havipo au vimekatwa, na mfereji haulingani kina. Hiyo hata kwa bei ya soda kataa.

Nne, namba nne za mwisho baada ya neno DOT pembeni ya tairi, hiyo ni tarehe ya kutengenezwa. 2318 ni wiki ya 23 mwaka 2018. Mbili za axle moja ziwe za jina moja, kashata za aina moja na kina kinachokaribiana. Hasa kama difu yake ni ya LSD, ile inayosukuma tairi zote mbili kwa pamoja, zikipishana kipenyo difu inafanya kazi mchana na usiku.

#34 GiaSita
#33 ubarikiwe mkuu. Sijui kama yangu ina LSD, ila nikikata kona kwa mafuta zinakwangua zote mbili.

#35 NgoshaMwenyewe
Ndiyo maana zimeisha, tunazungumza uelekeo na bushi hapa kumbe kijana anakwangua zote mbili.

#36 FundiMbavu
#35 kukwangua kungemaliza katikati na pembeni zote. Ndani peke yake bado nasimama na uelekeo.

#37 Kipara_Huru
Bushi.

#38 Mzee_wa_Bypass
Zamani hatukuwa na maneno haya. Unaingia unanunua General Tyre ya Arusha, unafunga, unaondoka. Kiwanda kikafa, sasa tunasoma tairi kama vyeti vya shule.

#39 Kamanga_Feri
Mzee na enzi hizo Altezza ilikuwepo?

#40 Mzee_wa_Bypass
Enzi hizo kulikuwa na Peugeot 504. Nayo ilisukumwa nyuma, na ilibeba mahindi.

#41 Mhasibu_Mkaidi
Swali kwa wote: akinunua mbili tu, aziweke mbele au nyuma? Mimi nasema mbele, breki nyingi iko mbele na usukani uko mbele. Zile za mbele za sasa azirudishe nyuma.

#42 DadaWaIsamilo
#41 hapana kaka, hapo utamuua mwenzio. Nzuri zinakaa nyuma. Mbele ikiteleza kwenye maji gari inakwenda mbele, unaisikia kwenye usukani, unaachia mafuta. Nyuma ikiteleza hupewi taarifa, unajikuta unatazama ulikotoka. Na hii ni ya kusukuma nyuma.

#43 Mhasibu_Mkaidi
Nimeendesha miaka 15 nzuri mbele.

#44 DadaWaIsamilo
Gari gani?

#45 Mhasibu_Mkaidi
Starlet.

#46 Sato_wa_Kukaanga
Aaah 😂

#47 Kisesa_Ndani
Na upepo je? Kuna mtu aliniambia Mwanza tuko juu, mita 1,134 ziwa lenyewe, ukishuka Dar unatakiwa kuongeza.

#48 FundiMbavu
#47 kuna ukweli. Ukijaza hapa geji ikasoma 33, ukafika Dar baridi kwa baridi, itasoma kama 31 kwa sababu hewa ya nje kule ni nzito zaidi. Ila joto la Dar linarudisha kidogo, kila nyuzi tano au sita za joto ni psi moja hivi.

#49 Kisesa_Ndani
Sasa niongeze au nisiongeze?

#50 FundiMbavu
Pima asubuhi ukifika.

#51 GiaSita
Wakuu nimerudi, siku tano kimya kwa sababu nilikuwa nahangaika.

Igoma kwanza. Rimu zilikuwa za Chaser, nikafunga moja mbele nikazungusha, haigusi. Nikasema leo nimeukata. Nikatia mkono ndani ya tairi kama alivyosema #33: mbili zina unga mweusi. Nikamwonyesha jamaa, akasema "huo ni vumbi la Igoma". Nikamwambia basi nipe rimu tupu, akataka 350,000. Nikaondoka.

Nikaenda kwa wa mtumba. Nikafuta, nikakanyaga, hakuna nyufa. Ndani safi. DOT 4819 zote mbili, jina moja, kashata nene kabisa, nikapima kwa rula milimita sita. Akapunguza hadi 160,000 kwa mbili. Nimelipa. Sijafunga bado, ziko sebuleni, mama watoto anauliza kama ni makochi. Picha hizo hapo #4.

#52 Mtumba_Grade_A
GiaSita, naomba uikaribie picha ya pili. Hizo kashata zina michirizi myembamba ya mawimbi juu ya kila kipande, kama umekwaruza na wembe?

#53 GiaSita
Ndiyo. Nzuri eeh? Nikajua ni za mvua.

#54 Mtumba_Grade_A
Za theluji hizo ndugu yangu. Soma pembeni, utakuta neno STUDLESS.

#55 GiaSita
...

#56 GiaSita
Lipo. Kwa herufi kubwa. Nilikuwa nasoma namba tu.

#57 NgoshaMwenyewe
Kijana kajiandaa, Ziwa Victoria likiganda yeye anakatiza kwa gari mpaka Ukerewe.

#58 Sato_wa_Kukaanga
Nimecheka mpaka nimechapwa na mke.

#59 Kipara_Huru
Msimcheke, mimi nilitembelea hizo mwaka mzima bila kujua. Ni laini sana. Mchana wa jua unakata kona gari inayumba kama imesimama juu ya godoro. Na zinaisha, wewe unaziona zinavyoisha.

#60 Kisesa_Ndani
Kwa miezi mitatu si anaweza kuzitumia? Mpira laini, kashata milimita sita, vuli. Mbona mnamtisha.

#61 FundiMbavu
#60 mbele za kawaida, nyuma za theluji zinazoyumba, gari ya kusukuma nyuma. Hapana. Afadhali Mchina mwenye C.

#62 DadaWaIsamilo
Nakubaliana nusu. Taratibu mjini hazina shida. Shida ni siku atakayosahau kuwa anazo.

#63 Mhasibu_Mkaidi
Hakufunga, risiti anayo, arudishe. Na nawakumbusha nilisema rimu.

#64 GiaSita
Nimezirudisha leo asubuhi. Jamaa kagoma hela, kakubali kubadilisha. Nimeongeza 40,000, nimepewa mbili za DOT 1120, za kawaida, milimita tano kasoro. Kwa hiyo 200,000 jumla. Iliyobaki nimeenda alaimenti. Kabla ya kupima nikamwambia fundi atie nondo uvunguni kama alivyosema #10. Bushi ya mkono wa nyuma kushoto imekufa. Uelekeo nao kushoto ulikuwa umekwenda nje vibaya, #9 pia uko sahihi. Sasa bushi moja imewekwa mpya, uelekeo umerudishwa, mlalo bado umezidi kidogo kwa sababu ya springi.

#65 Kipara_Huru
Nilisema bushi.

#66 FundiMbavu
Nilisema uelekeo.

#67 Mzee_wa_Bypass
Springi arudishe za kiwandani, ndiyo mzizi wenyewe. Kidole kimoja kwenye barabara za Mwanza!

#68 GiaSita
Ila wakuu kuna kitu kipya. Kati ya 60 na 70 nasikia mvumo kutoka nyuma, wuuu wuuu, zamani haukuwepo. Juu ya 80 unapotea.

#69 Kipara_Huru
Beringi.

#70 Mtumba_Grade_A
Tairi hizo zilikuwa mbele kwenye gari ya mwanzo, kashata zimelika kwa mawimbi. Zikizoea nyuma utapungua.

#71 FundiMbavu
Beringi ingevuma zaidi kadiri spidi inavyopanda, isingepotea. Unapokata kona unabadilika?

#72 GiaSita
Nikikata kulia unapungua kidogo. Au nahisi tu.

#73 Kipara_Huru
Beringi hiyo.

#74 Kisesa_Ndani
Mshale! Angalia mshale pembeni. Kama tairi ni za kuzunguka upande mmoja na amefunga moja kinyume, inavuma na maji haitoi.

#75 GiaSita
Hazina mshale, zina neno la upande wa nje tu. Kulia limetazama nje. Kushoto kulikuwa giza, kesho nitaangalia.

#76 Kamanga_Feri
Wakati mnasubiri kesho: zile kuukuu zenye waya bado unazo? Nina mtumbwi pale Mwaloni Kirumba, natafuta tairi za kuning'iniza ubavuni usigonge gati.

#77 GiaSita
#76 zipo mbili, njoo uchukue bure. Angalia kiganja.

#78 Kamanga_Feri
Nimeona picha. Hapana asante, ukuta wake mwembamba mno, boti itaumia. Nitatafuta za Fuso.